SOMO: Boksi la kudhibiti pampu ya mafuta, kulipima na kulibadilisha

Wakuu, wengi tumeona gari linabadilishiwa pampu ya mafuta, linatembea siku mbili, kisha linazimika vilevile kama mwanzo. Pampu haikuwa na kosa. Mkosaji alikuwa boksi dogo la aluminiamu ambalo hakuna aliyelifikiria. Kinyume chake kipo pia: boksi linabadilishwa, jipya nalo linaungua baada ya muda mfupi, kwa kuwa pampu iliyochoka ndiyo iliyokuwa ikiliua. Kosa hilo la pili nimelifanya mwenyewe, tena mara mbili kwenye gari moja. Ndiyo maana somo hili limeelemea upande wa kupima kuliko kufungua boliti.

Tuanze na kazi yake. Kwenye magari ya zamani rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) huipa pampu umeme wote wa betri, nayo huzunguka kwa kasi moja muda wote. Magari mengi ya sasa hayaendi hivyo. Kompyuta ya injini hutuma amri kwenye boksi, na boksi huukatakata umeme wa pampu kwa haraka sana. Umeme ukikaa muda mrefu zaidi kwenye kuwaka kuliko kuzima, pampu inakimbia. Ukikaa muda mfupi, inapunguza mwendo. Kukatakata huko kunazaa joto, kwa hiyo boksi huwa na mapezi ya kupoza, na mara nyingi hufungwa nje, chini ya gari au nyuma ya buti. Huko nje kuna maji na tope. Ford F-150 za 2004 hadi 2008 zinajulikana kwa hili: boksi limekaa kwenye fremu juu ya tairi la akiba, aluminiamu imelalia chuma, maji na chumvi vikiingia katikati aluminiamu inaliwa mpaka inatoboka.

Dalili zake: unapiga stata, injini haishiki. Au inashika, ikipata moto inazimika, ikipoa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Au gari linakosa nguvu mlimani. Shida ni kwamba dalili hizi ni za pampu pia, za filta iliyoziba, hata za sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini). Usinunue kitu kwa dalili.

Hatua ya 1: soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kwa skana. P0230, P0627 na P025A zinahusu njia ya umeme au amri ya pampu. U0109 inasema boksi limepotea kwenye mtandao wa gari, yaani nyaya ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo. Ford wana zao, kama P1233 na P1235. P0087 inakwambia presha ya reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli za injini) iko chini, basi. Haisemi kwa nini. Kodi inakuonyesha mtaa, si nyumba.

Hatua ya 2: sikiliza, kisha pima presha. Weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata. Magari mengi huunguruma kwenye tenki kwa sekunde 2 hivi kisha hunyamaza. Funga geji ya presha; injini nyingi za petroli zinazonyunyizia mafuta kwenye manifodi (njia ya hewa inayoingia injini) huhitaji kama bar 3 hadi 4, lakini kipimo cha gari lako kipo kwenye kitabu chake, kifuate hicho. Petroli ikimwagika usiguse waya wowote mpaka umekausha, na kizima moto kiwe karibu.

Hatua ya 3: umeme unaoingia kwenye boksi. Wengi wetu tunapotea hapa. Kagua fyuzi, rilei, na kama gari lina swichi inayokata mafuta kwa mshtuko wa ajali, hakikisha haijaruka. Halafu chomoa soketi ya boksi upime waya wa kuingia. Mita itakuonyesha volti 12 hata kama waya umebaki na uzi mmoja, kwa sababu mita haivuti mzigo. Tumia taa ya mbele ya wati 55 kati ya waya huo na arthi ya boksi lenyewe (waya wake wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri). Inavuta takriban ampea 4.5, karibu na mzigo wa pampu halisi. Ikiwaka kwa nguvu, waya na arthi ni vizima. Ikififia, rudisha soketi, pampu ikiwa kazini pima kati ya arthi ya boksi na ncha hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, tatizo ni arthi, na boksi jipya halitakusaidia.

Hatua ya 4: amri ya kompyuta. Multimita yenye kipimo cha asilimia (sehemu ya muda ambao umeme umewaka), au osiloskopu (kifaa kinachochora umeme) ukiwa nayo, iweke kwenye waya wa amri. Asilimia ikibadilika unapokanyaga mafuta, kompyuta inafanya kazi yake. Kwenye magari ambayo amri hupita kwenye mtandao wa gari njia hii haifai, tegemea skana.

Hatua ya 5: pampu yenyewe. Funga klampu ya ampea, iwe ya umeme wa DC, kwenye waya unaolisha boksi. Linganisha na kipimo cha gari lako. Ampea zikiwa juu sana, pampu inakaba au filta imeziba, na boksi linakufa kwa kubeba mzigo usio wake.

Umeme upo, arthi ipo, amri ipo, pampu nzima, ila kwenda kwa pampu hakutoki kitu: boksi limekufa. Kama tatizo linakuja na joto, lipashe boksi kwa kikausha nywele injini ikiwa inawaka. Gari likizima hapo, umempata mkosaji.

Hatua ya 6: kubadilisha. Hii ndiyo rahisi. Toa waya hasi wa betri, chomoa soketi, fungua boliti. Kagua pini za soketi: ikiwa kuna kutu ya kijani au plastiki iliyoungua, badilisha soketi pia. Linganisha namba ya sehemu, isiwe umbo tu. Safisha kutu kwenye fremu, na kama boksi jipya limekuja na vikingio vya kuliinua kidogo, vitumie. Vipo ili hewa ipite na maji yasikae. Rudisha betri, futa kodi, weka ON mara mbili tatu presha ijae, ndipo upige stata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, naweza kuipa pampu umeme wa betri moja kwa moja ili nifike nyumbani?

Jibu: Kama pampu ina waya mbili za umeme, kwa kupima dakika chache inawezekana, ukitumia fyuzi. Kuendesha gari hivyo hapana: ikitokea ajali hakuna cha kuikata. Na kama pampu ina waya tatu nene, hiyo haina brashi (vipande vinavyosugua kupeleka umeme kwenye mota), ukiipa betri moja kwa moja utaiharibu.

Swali: Fundi, skana yangu inaonyesha amri asilimia 35 tu. Si ndiyo ugonjwa huo?

Jibu: Ni Ford? Kwenye nyingi za aina hiyo boksi huipa pampu mara mbili ya amri, kwa hiyo 35 ni 70 kwenye pampu. Usihukumu kabla ya kujua gari linahesabu vipi.

Swali: Nikigonga tenki kwa chini gari linawaka. Boksi au pampu?

Jibu: Pampu. Brashi zake zimeisha. Pima ampea hata hivyo, boksi huenda limeshaumia.

Swali: Nimefunga boksi lililotolewa gari lingine, namba ileile, Chevrolet Silverado. Gari halishiki na U0109 imerudi.

Jibu: Kwanza rudi hatua ya 3, kodi hiyo hutokea pia boksi likikosa umeme au arthi. Ukikuta vyote vipo, gari nyingi za GM (kampuni inayotengeneza Chevrolet) zenye boksi hili hutaka lipangwe kwa programu ya gari husika. Tafuta mwenye kifaa cha kupanga kabla hujalifungua tena.