Paka wa mitaani anayekataa choo cha mchanga: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu, mpangaji wa ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam, aliyemwokota paka jike karibu na soko la samaki. Paka yule alikula vizuri na kulala mapajani bila woga, ila alikojolea godoro na mkeka wa sebuleni huku beseni lake la mchanga likibaki kavu. Wengi wakifika hapo humrudisha mnyama alikotoka kwa kuamini kwamba ana kinyongo, ilhali kinyongo hakihusiki kabisa. Ama paka anaumwa, ama choo alichopewa hakimfai, ama kuna mahali ndani ya nyumba panaponuka choo kuliko choo chenyewe. Hatua zifuatazo zinakwenda kwa mfuatano huo, kwa sababu anayeanza na sababu ya mwisho hutumia fedha nyingi na paka akabaki vilevile.

Hatua ya kwanza: daktari wa mifugo

Kabla hujanunua chochote, mpeleke paka akapimwe mkojo na kinyesi. Paka anayeingia kwenye beseni mara kwa mara na kutoa matone machache, anayelia akikojoa, anayejilamba mno sehemu za siri au mwenye damu kwenye mkojo ana tatizo la kibofu au la njia ya mkojo. Paka wa namna hiyo hulihusisha beseni na maumivu, ndiyo maana hukimbilia mahali laini kama godoro au rundo la nguo. Kwa dume jambo hili ni la dharura, kwani njia yake ya mkojo ni nyembamba na huweza kuzibwa na ute au chembe ndogo za mawe. Dume anayechuchumaa bila kutoa kitu apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa kuwa akizibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Usimpe panadol wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu, kwa maana mwili wa paka hauwezi kuichakata parasetamoli na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Usishangae daktari akikuambia kwamba kibofu kimevimba lakini hakuna bakteria. Kwa paka vijana hilo ndilo la kawaida, nalo huchochewa sana na msongo wa mawazo, kwa hiyo antibayotiki haisaidii kitu. Kinachosaidia ni maji mengi, chakula chenye majimaji, utulivu, na dawa ya maumivu ambayo daktari mwenyewe ameiandika.

Hatua ya pili: tofautisha kukojoa na kutia alama

Paka anayekojoa huchuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni au kitandani. Anayetia alama husimama, huinua mkia na kuutikisatikisa, kisha hurusha mkojo kidogo ukutani, mlangoni au kwenye gunia. Ukiona hivyo, dume ahasiwe na jike afungwe kizazi. Kwa madume, takribani tisa katika kumi huacha au hupunguza sana tabia hiyo, ingawa wengine huchukua wiki kadhaa. Hakuna mchanga utakaofanya kazi hiyo.

Hatua ya tatu: mpe chumba kimoja

Mfungie katika chumba kidogo chenye chakula upande mmoja, beseni upande wa pili na boksi la kujifichia. Paka aliyetoka mitaani hawezi kukumbuka choo kilipo ndani ya nyumba nzima asiyoijua. Akikaa humo wiki moja au mbili bila kukosea, endelea.

Hatua ya nne: beseni

Hapa nina msimamo na siuombei radhi: usinunue vile vyoo vya plastiki vyenye mfuniko na mlango mdogo. Vimetengenezwa kumpendeza mwenye nyumba asiyetaka kuona kinyesi, na humfungia paka ndani ya harufu yake mwenyewe bila kumwachia njia ya pili ya kutorokea, jambo ambalo mnyama aliyekua akikwepa mbwa na mateke haliwezi. Nunua beseni pana la kufulia, lenye urefu wa mara moja na nusu ya paka kuanzia puani hadi shina la mkia, kisha ukate upande mmoja uwe chini ili aingie bila kuruka. Idadi ya mabeseni iwe sawa na idadi ya paka ukiongeza moja. Yasiwekwe pamoja kwenye kona moja, na yakae mbali na chakula na mashine ya kufulia.

Hatua ya tano: mchanga

Paka wa mitaani amezoea kufukua udongo mlaini, hivyo mpe kwanza anachokijua. Mimi huanza na mchanga wa mto, ule wa kujengea, uliochekechwa na kukaushwa, nikiutandaza kwa kina cha sentimita nne au tano na kuuchanganya na konzi chache za udongo wa mahali alipookotwa, ikiwa panajulikana. Ukaange kwanza kwenye karai juu ya moto hadi uwe mkavu na wa moto kabisa, kwa sababu mchanga wa nje huja na mayai ya minyoo ya paka wengine. Mchanga wa ufukweni siupendekezi, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu na beseni halikauki hata siku ya jua kali.

Vitu viwili vinavyopatikana bure vinafaa kuepukwa. Majivu, ingawa paka hupenda kujisaidia kwenye lundo la majivu jikoni, yakiloa hutoa magadi yanayochoma nyayo, naye huzilamba nyayo hizo baadaye. Maranda ya kiwanda cha mbao nayo mara nyingi hutoka kwenye mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, na fundi hawezi kukuhakikishia zipi ni zipi. Pumba za mpunga hazina sumu, ila huruka nyumba nzima.

Paka akishatumia mchanga wa mto bila kusita, unaweza kumhamishia kwenye mchanga wa dukani unaoganda, ambao hutengenezwa kwa udongo wa bentonaiti. Faida yake ni kwamba mkojo hugeuka bonge unaloweza kuliondoa, ilhali kwenye mchanga wa kawaida mkojo huzama chini na hukulazimu kumwaga beseni zima, kazi nzito kwa mtu anayepandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu. Ongeza robo moja kila baada ya siku chache, na chagua usiotiwa manukato. Usiutumie kwa mtoto wa paka aliye chini ya miezi minne, kwani huula na ukamgandia tumboni. Ikiwa hujui apendacho, weka kwa muda mabeseni mawili sambamba yenye mchanga tofauti umwache achague mwenyewe. Anayesimama ukingoni, anayekung'uta nyayo au anayetoka mbio bila kufukia ameshakujibu kwamba hautaki.

Hatua ya sita: kuondoa harufu

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu, nami nimeona nyumba ambamo hatua tano za kwanza zilifanyika vizuri na bado paka akarudi kwenye godoro. Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, ambayo ikikauka huwa chembe ngumu zisizoyeyuka vizuri kwenye maji, nazo hujificha ndani ya sponji, kwenye saruji na katikati ya vigae. Ukisafisha kwa maji na sabuni ya kawaida, pua yako husema pamekwisha, kisha masika yanaanza, hewa inajaa unyevu, na harufu inafufuka. Kwa paka, harufu hiyo haikuondoka hata siku moja, na mahali pale pameandikwa choo.

Anza kwa kutafuta madoa yote, hata yale usiyoyajua. Nunua tochi ndogo ya miali ya urujuanimno, ile inayouzwa kwa ajili ya kukagua noti bandia, uzime taa usiku na umulike kitanda, pembe za kuta na miguu ya viti, kwa maana mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya manjano au kijani hafifu. Baadhi ya sabuni pia hung'aa, kwa hiyo nusa kabla ya kuhukumu, kisha uzungushe alama ya chaki.

Sasa yale ya kuepuka. Usitumie jiki, kwa sababu klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayobana kifua. Usitumie kisafishio chenye amonia, kwa kuwa humnukia paka kama mkojo wa paka mwingine. Usitumie dawa za kuulia vijidudu zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, kwani ni sumu kwa paka hata kwa kukanyaga sakafu mbichi na kujilamba. Manukato ya kupuliza na moshi wa udi huifurahisha pua ya mwenye nyumba peke yake.

Kinachofanya kazi ni vimeng'enya (enzymes), yaani viambato vinavyovunjavunja uchafu wa mkojo. Kama hupati kisafishio maalumu cha mkojo wa wanyama, tafuta sabuni ya unga ya kufulia ambayo pakiti yake imetaja vimeng'enya, ukoroge sehemu moja ya sabuni kwa sehemu tisa za maji ya uvuguvugu. Maji yasiwe ya moto, kwani vimeng'enya huharibika. Kwenye vigae au mbao, pakaza maji hayo, yaache yakae, suuza kwa maji baridi, kausha, kisha nyunyizia spiriti ya hospitali baada ya kuijaribu kwenye pembe isiyoonekana na kuhakikisha hakuna moto karibu.

Godoro la sponji ni habari nyingine. Mkojo unaoonekana juu kama doa la kiganja huwa umetanuka huko chini mara mbili au tatu, hivyo kufuta juu juu ni kazi bure. Mimina maji ya sabuni mengi kuliko mkojo wenyewe, yafike ulikofika, funika kwa nailoni kwa saa kadhaa ili pasikauke mapema, kisha kamua kwa kukandamiza mataulo na usuuze. Doa la zamani linahitaji pia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 pamoja na kijiko cha bikaboneti ya soda na tone la sabuni ya vyombo. Uchanganye wakati wa kutumia tu, usiuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa kwa sababu gesi yake huipasua, na ujue kwamba hupausha rangi za kitambaa. Likaushe juani likiwa limeinuliwa juu ya mbao ili hewa ipite chini, na usilirudishe kitandani likiwa na unyevu katikati.

Likikauka, lijaribu: nyunyizia maji kidogo kwenye alama, funga madirisha, na urudi baada ya saa moja. Harufu ikipanda, rudia yote. Sakafu ya saruji isiyo na vigae huenda ikahitaji kurudiwa mara kadhaa na kisha kupakwa rangi ya kuziba vinyweleo. Mkeka wa ukindu uliokojolewa mara nyingi sijafanikiwa kuuokoa, nami humshauri mwenyewe autupe mapema. Godoro lililopona livishwe nailoni chini ya shuka.

Hatua ya saba: usafi wa kila siku na kufungua nyumba

Chota uchafu wa beseni asubuhi na jioni. Hili lina faida kwa binadamu pia, kwa sababu vimelea vya toksoplazma vilivyomo kwenye kinyesi, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huchukua kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza; hata hivyo mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Mchanga usioganda umwagwe wote kila wiki na beseni lioshwe kwa sabuni isiyo na harufu.

Fungua chumba kimoja kwa wakati, na pale palipokuwa pakikojolewa weka bakuli la chakula, kwa kuwa paka hapendi kujisaidia anapokula. Akikosea, safisha na umrudishe chumba cha awali bila kumpiga wala kumsugua pua kwenye mkojo, kwani atakachojifunza ni kukojoa ukiwa haupo. Na paka aliyetumia beseni vizuri kwa miezi kadhaa kisha akaacha ghafla arudi kwa daktari wa mifugo kabla ya kubadilishiwa mchanga.