Kufunga dohani ya jiko la kuni kwenye paa la bati

Baridi ya Njombe inapokaza mwezi Juni, madirisha ya jikoni hufungwa na moshi wa kuni hubaki ndani pamoja na wapishi. Nimemaliza hivi karibuni kumfungia shangazi yangu dohani, yaani bomba la kutolea moshi, kwenye jiko lake la matofali, na kwa kuwa kazi hiyo hiyo niliikosea nyumbani kwangu, naeleza namna inavyofanyika.

Hatua ya 1: Bomba

Tumia bomba la inchi 6. Mwambie fundi bati aunge kwa kukunja na kupiga ripiti, wala asilehemu kwa risasi, maana risasi hiyo huyeyuka kabla ya nyuzi 250 na moshi wa kuni zinazowaka vizuri huweza kulizidi joto hilo. Kipande cha kwanza juu ya jiko kiwe cha chuma cheusi, kwa sababu bati la zinki halifai karibu na moto. Kila kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini, ili lami ya moshi itiririke ndani ya bomba badala ya kuchuruzika nje.

Hatua ya 2: Mahali

Shusha timazi (uzi wenye uzito wa kuonyesha wima) kutoka paani hadi kwenye tundu la jiko. Bomba likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote. Papi (ubao unaoshikilia mabati) iliyo njiani ikatwe na kushikizwa upya pembeni. Kama ni lazima kukwepa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, tumia kona mbili za nyuzi 45, kamwe si kona ya nyuzi 90.

Hatua ya 3: Kutoboa paa

Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi. Kwangu nilitoboa katikati ya paa, nikalaza kipande cha bati juu ya tundu, nikaziba pande zote nne kwa silikoni. Mvua za Desemba zilipofika, maji yaliyotoka juu ya paa yalipenya chini ya ukingo wa juu wa kile kipande, na kila nilipopanda kuongeza silikoni yalipata njia nyingine.

Maji ya paa huzuiwa na mpangilio wa mabati. Bati la kukinga maji lazima lianzie chini ya kofia ya paa (bati linalofunika kilele), lishuke hadi kupita bomba, pande zake ziishie baada ya mgongo wa bati na si kwenye bonde, na ukingo wake wa chini ulale juu ya mabati yaliyopo. Kwa sababu hiyo nashauri tundu liwe karibu na kofia, hata ikibidi kulijenga jiko upya mahali pengine. Faida ya pili ni kwamba bomba linatakiwa kuzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, kofia ikiwemo, na likiwa karibu nayo halihitaji kurefushwa sana wala kufungwa kwa waya.

Kwenye bati hilo fundi asimamishe shingo pana kuliko bomba, ili hewa ipite kati yake na bomba na joto lisifike kwenye mbao. Juu ya shingo, bomba livishwe kola ya bati inayomwaga maji nje. Silikoni ya madirisha haivumilii joto. Kwenye kola tumia ile ya joto kali.

Hatua ya 4: Mwavuli na hewa

Funika ncha kwa mwavuli wa bati, ukiacha nafasi ya kutosha moshi kutoka. Acha tundu la hewa chini ya ukuta wa jikoni, kwani moshi haupandi pasipo hewa ya kuingia.

Hatua ya 5: Kujaribu

Choma gazeti kwenye tundu la dohani ili bomba lipate joto, kisha washa ubani mbele ya mdomo wa jiko, milango ikiwa imefungwa. Moshi wa ubani ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Moshi ukirudi chumbani, panua kwanza tundu la hewa kabla ya kurefusha bomba. Usizibe tundu hilo usiku wakati makaa bado ni mekundu, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa hayo, haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala.