Kanka ya michungwa: ya kufanya kabla ya masika

Kidonda cha kanka, ugonjwa wa michungwa na jamii yake, ukikipitishia kidole unakihisi. Kimeinuka, kikavu, kama kizibo kilichopasuka katikati, na kimezungukwa na duara la njano. Geuza jani: kipo na upande wa chini, palepale. Jifunze alama hiyo kabla hujatoa pesa ya dawa yoyote, kwa sababu michungwa ina maradhi mengine yenye sura ya karibu na hii. Upele huacha vivimbe vya rangi ya kijivu na kukunja jani. Lipo pia doa la ukungu, la nyanda za juu za Kenya na Uganda, ambalo nalo lina duara la njano na linaweza kumdanganya hata mkulima mzoefu. Ukishuku, usikate tawi ukalitembeza kijijini kuuliza hiki ni nini. Piga picha, ufunge kitambaa mtini, umwite afisa ugani aje shambani.

Nasisitiza "kabla" kwa sababu kanka haina tiba. Inaletwa na bakteria, wataalamu wanamwita Xanthomonas citri, naye akishajenga kidonda kwenye kijiti anaweza kukaa humo miaka. Mvua ikinyesha anatoka na maji, upepo unamrusha hadi kwenye jani changa la mti wa jirani, anapenya kwenye vitundu vya kupumulia vya jani au kwenye mkwaruzo. Joto analolipenda ni la nyuzi 20 hadi 30, yaani hali ya hewa ya mwambao wetu sehemu kubwa ya mwaka. Chungwa lenye kanka halimdhuru mlaji. Ila mengi hudondoka machanga, na yanayobaki mnunuzi anayaweka pembeni.

Cha kwanza ni miche, na hapa sina huruma. Florida, kule Marekani, kanka iliingia mara ya kwanza miaka ya 1910 na miche iliyoagizwa kutoka Japani. Walichoma vitalu na mashamba hadi wakaimaliza mwaka 1933. Ikarudi. Mwaka 1995 ilionekana kwenye miti ya uani mjini Miami, na baadaye serikali ikafikia kukata kila mti wa jamii ya mchungwa uliokuwa ndani ya mita 580 hivi kutoka kwenye mti mgonjwa, mzima na mbovu pamoja. Watu walikwenda mahakamani kutetea milimau yao. Halafu vimbunga vya 2004 na 2005 vikasambaza ugonjwa mbali kuliko shoka lilivyoweza kufika, na Januari 2006 mpango ukaachwa. Miti zaidi ya milioni 16 ilikuwa imekwisha kuangushwa.

Sisi hatuna serikali ya kulipia kazi kama hiyo. Kanka ipo kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, Comoro na Mauritius zikiwamo, na mche mmoja kwenye mfuko wa plastiki hausumbui mtu ndani ya jahazi. Kwa hiyo usipokee mche wala kijiti cha kubebeshea, yaani cha kuunganishia mche mwingine, kutoka ng'ambo, hata kama ni zawadi ya shemeji. Nunua kwenye kitalu unachoweza kukikagua. Mimi huomba kuoneshwa miti mama vilikokatwa vijiti. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, naondoka. Miche ya kwenye pikipiki, inayouzwa nusu bei njia panda, siigusi.

Fikiria na aina. Ndimu na balungi huumwa vibaya, machungwa yapo katikati, machenza huvumilia zaidi. Mwenye shamba la mchanganyiko asipande ndimu upande unakotokea upepo.

Upepo wenyewe nao una kazi ya kufanyiwa mapema, kwani mti wa kukinga unachukua miaka kukua. Mvua iliyotulia haipeleki bakteria mbali. Ile inayopiga kwa ubavu ndiyo hatari. Mstari wa mivinje, au miti mingine mirefu isiyo ya jamii ya mchungwa, hupunguza nguvu hiyo na pia mikwaruzo ya miiba kwenye majani.

Kupogoa kufanyike wakati wa kiangazi, miti ikiwa mikavu kabisa, hata umande uwe umekauka. Mkasi uchovye kwenye maji ya jiki au spiriti kila unapohama mti, kisha uusuuze na kuupaka mafuta, jiki inakula chuma. Watu hufanya hivyo kwa mkasi wao na kusahau wachumaji. Mnunuzi anakuja na fuso, vijana wake, ngazi na matenga yaliyolala jana kwenye shamba la mtu mwingine wilaya ya pili. Hayo ndiyo ya kuogopa. Afadhali uwe na matenga na ngazi zako, au ukubaliane naye kabla ya bei kwamba vifaa vitaoshwa getini, na kwamba hakuna kuchuma majani yakiwa na maji.

Dawa za shaba, wengine husema kopa, zinakinga tu. Zinatandaza utando juu ya jani na tunda, na bakteria aliyekwisha kuingia ndani hazimfikii. Kinachohitaji ulinzi ni machipukizi na tunda changa, hasa miezi mitatu ya mwanzo baada ya maua kupukutika. Tunda linatanuka, utando unapasuka, ndiyo maana hurudiwa kila wiki tatu hivi kwa kipimo cha kwenye lebo. Kupiga dawa juu ya machungwa makubwa ni kupoteza pesa, na shaba ikizidi inabaki udongoni. Angalia pia kiwavi anayechora michirizi ya rangi ya fedha ndani ya jani changa: hasababishi kanka, ila anaifungulia mlango. Mbolea ya chumvichumvi kidogokidogo, isiyolipua machipukizi kila mwezi, inampunguzia chakula.

Hifadhi na namba ya simu ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kabla hujaihitaji. Ikithibitika ni kanka, mti unachomwa palepale uliposimama; kuuburuta hadi shimoni ni kupukutisha majani kwenye njia nzima.