Kuwatambua sistikola wa Tabora: rangi iwe ya mwisho

Sistikola ni wale ndege wadogo wa kahawia, wa sentimita 10 hadi 15, wanaolia juu ya vichaka masika nzima na wote wakaonekana ndugu. Anayeanza kwa rangi atakosea. Manyoya hupauka kwa jua, na nje ya msimu wa kuzaa baadhi yao huota mkia mrefu zaidi na michirizi mingi zaidi. Dume naye kwa kawaida ni mkubwa kuliko jike, hivyo wawili wa aina moja wanaweza kukudanganya kuwa ni aina mbili.

Fuata mpangilio huu: alipo, anavyolia, mgongo, mkia. Rangi baadaye.

Toka kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, Desemba hadi Machi, madume wanapoimba. Darubini ya 8×42 (hukuza mara 8, lenzi zake za mbele ni milimita 42) inatosha. Ya kukuza mara 10 hutikisika mkononi ndege akiwa hatulii. Rekodi sauti kwa simu kabla hujapiga picha, maana picha ya sistikola aliyenyamaza mara nyingi haisaidii kitu.

Kwenye mbuga za nyasi na majaruba ya mpunga, tazama angani. Anayeruka kwa mawimbi huku akitoa "zit" moja kila anapopanda ni Cisticola juncidis (hapa chini Cisticola nitaifupisha C.). Ni mdogo, mgongo una michirizi mizito, na akifungua mkia kama upepeo utaona ncha nyeupe. Mnene mwenye mdomo mzito na sauti ya kukwaruza kama chura ni C. natalensis.

Kwenye vichaka na miiba kando ya barabara, mwenye mji ni C. chiniana. Hukaa kileleni akatoa "che-che-che" kali, halafu mtetemo mfupi, "trrrr". Akiwa anaimba, elekeza darubini kwenye kinywa: cha dume ndani ni cheusi. Hapohapo yupo prinia (Prinia subflava), ambaye huwachanganya wengi kwa mkia wake mrefu anaouchezesha. Mtazame usoni: ana mstari mweupe ulio wazi juu ya jicho. Ukiuona huo, acha kufikiria sistikola.

Kazi ngumu iko ndani ya miombo, chini ya mitundu na mininga, kwa sababu huko wanakutana watatu wasio na michirizi mizito mgongoni. C. woosnami ana umbo nene na mdomo imara. Hulia mtetemo mmoja mrefu unaoanza kwa chini na kuongezeka nguvu. C. brachypterus ni kijidogo chenye mkia mfupi, hupanda kijiti kikavu juu kabisa ya mti na kutoa sauti nyembamba ambayo upepo kidogo tu huifuta. Wa tatu ndiye wanaomwita sistikola wa Tabora, C. angusticauda. Jina hilo la Kilatini lina maana ya mkia mwembamba, na kweli hapo ndipo pa kumkamatia: mwili mdogo, utosi mwekundu wa kutu, mgongo wa kijivu usio na mistari, kisha mkia mrefu uliobanana kama njiti. Prinia ana mkia mrefu pia, lakini sistikola huyu hana ule mstari mweupe wa jicho wala utosi wa prinia si wa kutu. Kuwa Tabora hakumfanyi kila sistikola awe yeye. Hakikisha mkia na mgongo kwanza.

Kumchezea sauti yake kwa simu humleta karibu, ila dume huacha kulisha ili apigane na mpinzani asiyekuwepo. Mara moja, sekunde chache, basi. Karibu na kiota usithubutu.

Kuanzia Oktoba jihadhari pia na Phylloscopus trochilus, mgeni kutoka Ulaya na Asia. Naye ni mdogo, ana rangi ya kijanikijani na mstari juu ya jicho, lakini hatui kwenye nyasi: hupekua majani ya juu akitafuta wadudu, na mkia wake ni mfupi wenye pengo dogo kwenye ncha.

Asiyeimba na asiyegeuka mgongo, mwandike "sistikola" tu daftarini, pamoja na saa na aina ya mimea, uendelee na mwingine.