Mtoto ana siliaki na bado chakula kinamkwama? Fanya hivi

Kama mtoto wako ameshaambiwa ana siliaki, yaani akila gluteni ya ngano, shayiri au rai kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake mwenyewe, na mmeshaacha chapati na mandazi ila bado anatapika tapika na kukataa kula, usikubali kuambiwa anadeka. Kuna ugonjwa mwingine unaovimbisha umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, pale panajaa chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, na wapo watoto wamekutwa na yote mawili. Kama kweli yana undugu, wataalamu bado wanabishana, tafiti zingine zinaona zingine hazioni, ila kuwa na moja hakumkingi mtoto na lingine.

Anza kumwangalia akila. Mkubwa atakwambia nyama imekwama kifuani, mdogo hasemi, utaona anatafuna weee, kila tonge anashushia na maji, mkate na nyama anavikwepa anataka uji tu. Mrekodi kwa simu daktari aone, na mwambie kama ana pumu au mzio wowote maana ugonjwa huu wa umio unapenda kwenda navyo.

Kama siliaki haijapimwa bado tafadhali msiache ngano kwanza, kipimo cha damu kinataka mtoto awe anaila, ukiitoa mapema majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Halafu kuna hili watu wengi hawalijui: mwongozo wa Ulaya wa 2020 unaruhusu mtoto ambaye kipimo chake cha damu kimefika mara 10 ya kikomo cha kawaida, na cha pili kikathibitisha, asipigwe kamera, yaani ule mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Nafuu kwa mtoto kweli, lakini ina maana umio wake hakuna aliyeuangalia! Kwa hiyo kama dalili za kumeza zipo omba kamera, na uliza kabisa kabla hajaingia kama watachukua vinyama vya umio pia vya kupimwa, angalau 6 sehemu tofauti, kwa sababu kwa macho unaweza kuonekana mzima wakati darubini inakuta eosinofili 15 na kuendelea kwenye eneo moja.

Tiba ya umio ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, au dawa ya steroidi ya kumeza inayotuliza uvimbe, au kutoa vyakula, na maziwa ndio yanaongoza kwa kuchokoza. Kuacha gluteni peke yake mara nyingi hakuponyi umio. Ila usimtolee maziwa, mayai na soya kwa mpigo bila mtaalamu wa lishe, huyu mtoto tayari kapunguziwa vyakula.

Na siku chakula kikikwama mpaka mate hayapiti, usimsukumizie tonge la ugali wala ndizi, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.