Kioo kupanda si ushahidi: ninavyopima CAN ya milango

Kijana akija kujifunza umeme wa magari kwenye gereji yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, namkataza kusema "inafanya kazi" kabla hajapima. Mwaka jana nilimkabidhi mama mmoja gari lake la Kijerumani, vioo vyote vinapanda, loki zinaitika. Wiki mbili baadaye milango minne ikagoma kwa pamoja. Waya mmoja wa CAN (mtandao wa nyaya mbili, CAN-H na CAN-L, ambao moduli, yaani kompyuta ndogo za gari, huzungumzia) ulikuwa umekufa siku nyingi na mimi sikuupima.

Mtandao wa milango wa magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 2000 ni CAN ya polepole, ya kiwango cha ISO 11898-3. Waya mmoja ukikatika, moduli huendelea kuzungumza kwa ule uliobaki, dereva asijue lolote. Ndiyo sababu lazima tuuchokoze.

Anza na mita. Washa swichi ya funguo kwanza, kwa sababu mtandao ukiwa umelala CAN-L hubeba volti za betri, ukadhani kuna shoti. Ukiamka, CAN-H isome karibu na volti 0 na CAN-L karibu na volti 5. Zote mbili zikisoma sawasawa, zimegusana. Zile omu 60 za CAN ya injini usizitafute hapa. Huku rezista zimegawanywa ndani ya moduli.

Sasa ujeruhi mtandao, gari likiwa limesimama. Ni huu wa milango tu. Wa breki na injini usiuguse kabisa. Sikati waya wa mteja, nachomoa pini ya CAN-H kwenye soketi ya mlango, napandisha na kushusha kioo mara 20. Narudisha, nachomoa CAN-L, narudia. Kila mara mlango uendelee kuitika na mashine ya kusoma hitilafu itoe kodi ya kosa la waya mmoja. Ukichomoa H mlango ukanyamaza, basi L ilikuwa imekufa tayari.

Halafu rudisha vyote, fungua na kufunga mlango polepole mara 50. Shaba hukatikia ndani ya plastiki, pale kwenye mpira wa bawaba, na kwa macho huoni kitu. Hapo naunganisha kifaa kinachohesabu fremu za hitilafu, yaani ishara ambazo moduli hutuma ujumbe ukiharibika (kiwe cha CAN hii ya polepole, cha kasi hakitausoma). Moduli ikishindwa kutuma, kaunta yake hupanda 8. Ikifaulu hushuka 1. Ikipita 255 inajitoa kwenye mtandao, kwa hiyo makosa 32 mfululizo yanatosha kuinyamazisha. Mimi sisubiri yafike huko: fremu hata moja mlango ukiwa nusu wazi, navua mpira.

Kwenye gari la yule mama L ilikuwa imekatika ndani ya mpira wa mlango wa dereva, na H imebaki nyuzi tatu. Niliunga zote mbili mbali na bawaba, nikazisokota upya, kisha nikarudia majaribio yote kwenye kila mlango kabla ya kumpa funguo.