Kwenda Salar de Uyuni na kurudi, hata barabara zikifungwa

Salar de Uyuni ni uwanda wa chumvi kusini-magharibi mwa Bolivia: zaidi ya kilomita za mraba 10,000, kwenye mwinuko wa mita 3,656 hivi. Kuzunguka huko ni rahisi. Kazi ni kufika na kutoka, kwa sababu Wabolivia wenye madai kwa serikali hufunga barabara, jambo wanaloliita bloqueo. Wageni ninaowapangia safari nawaelekeza hivi.

Hatua ya 1: Chagua maji au ukavu. Mvua ni Desemba hadi Machi. Maji machache yakitanda juu ya chumvi, uwanda wote hugeuka kioo. Yakizidi, magari hayafiki kisiwa cha Incahuasi chenye madungusi marefu. Mei hadi Oktoba ni kukavu, chumvi hujichora maumbo ya pembe nyingi, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kali, chini kabisa ya sifuri. Mimi ningekwenda mwishoni mwa Machi.

Hatua ya 2: Uyuni (mji ulio kando ya uwanda huo) iwe katikati ya ratiba. Isiwe kituo cha mwisho kabla ya ndege ya kurudi kwenu. Acha siku mbili tatu za akiba. Siku za mwanzo wa safari zitumie katika miji ya La Paz au Sucre, mwili uzoee hewa nyepesi. Kichwa kikigonga, pumzika, kunywa maji na usipande juu zaidi.

Hatua ya 3: Ulizia barabara kila siku. Mamlaka ya barabara, ABC, huonyesha mtandaoni njia zilizofungwa. Hata hivyo, mimi huamini zaidi dirisha la tiketi: kampuni zote zikiacha kuuza tiketi za kwenda Oruro, mji ulio njiani, basi la La Paz kwenda Uyuni halina pa kupita. Hapo kimbilia ndege ya La Paz–Uyuni mapema, maana viti huisha haraka.

Hatua ya 4: Ukikwama njiani. Utaona foleni ya malori, kisha mawe na marundo ya udongo katikati ya lami, pengine na matairi yanayowaka. Usiwapige picha waandamanaji, wala usimshawishi dereva apenye. Muulize kama kuna *transbordo*: abiria hushuka na mizigo, huvuka kizuizi kwa miguu, na upande wa pili hupanda gari jingine kwa nauli nyingine. Inaweza kuwa mwendo mrefu, tena kwenye mwinuko huo. Ndiyo maana nasisitiza begi la mgongoni. Sanduku la magurudumu kwenye kokoto ni adhabu. Koti, maji, biskuti, tishu na noti ndogo za boliviano ukae navyo kitini, visiingie kwenye buti la basi. Watu wakali au wamelewa? Baki garini, au rudi ulikotoka.

Hatua ya 5: Kagua gari la ziara ya uwandani kabla ya kulipa. Miaka ya karibuni mafuta yamekuwa haba, kwa hiyo uliza kama ya safari nzima yamo tayari. Tazama matairi mwenyewe, pamoja na la akiba. Masharti ya kurudishiwa pesa yaandikwe kwenye risiti. Ahadi ya mdomo haina mwenyewe.

Hatua ya 6: Juu ya chumvi. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Paka losheni ya kukinga jua chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, na usivue miwani. Karibu na kijiji cha Colchani kuna mashimo yanayobubujisha maji, *ojos de sal*. Kingo zake zinaweza kuwa nyembamba, usizikanyage. Simu iweke mfuko wa ndani, baridi humaliza betri. Ramani na tiketi zihifadhi kabla, mtandao hukatika.

Hatua ya 7: Andaa mlango wa pili. Ziara ya siku tatu hupitia ziwa la Laguna Colorada na inaweza kukuacha mpaka wa Hito Cajón, unakovuka kwenda San Pedro de Atacama, Chile. Barabara za kaskazini zikifungwa, hii ndiyo njia yangu ya kwanza, ingawa theluji nayo huweza kuufunga mpaka. Hakikisha viza ya Chile mapema kama unaihitaji. Majani ya koka ni halali Bolivia, ila yaache huko huko, na matunda uyale kabla ya kufika forodhani: Wachile hupiga faini usipoyataja.